Namna ya kupunga upepo Mama Ngina

Mara ya kwanza wakwe za kaka yangu walipokuja Mombasa kutoka Nakuru, niliwapeleka Mama Ngina, ile barabara ya ukingoni mwa bahari, saa saba mchana. Ilikuwa mwezi wa Machi. Jua la utosi, upepo hakuna, maji yamekupwa na mwamba umebaki uchi, mweusi, unanuka mwani. Mzee, baba yake wifi yangu, alisimama ukutani mikono nyuma, akatazama kulia, akatazama kushoto, kisha akaniuliza kwa upole: "Ndiyo hapa?" Alikuwa amesafiri usiku kucha, na ndiyo mara yake ya kwanza kuiona bahari, umri umeshapita sitini. Tulipiga picha tatu, tukanywa maji ya chupa, tukapanda tuktuk tukarudi zetu kivukoni.

Usiku ule usingizi ulinipaa. Mimi ni mzaliwa wa Likoni, ng'ambo ya pili ya maji hayo hayo, na marehemu baba alikuwa baharia wa tagi, vile vyombo vifupi vyenye nguvu vinavyovuta na kusukuma meli kuingia bandari ya Kilindini. Nilianza kwenda Mama Ngina nikiwa nabebwa mgongoni. Nilijua kwamba mzee wa watu hakuonyeshwa Mama Ngina. Alionyeshwa mawe na jua. Na aliyekosea ni mimi, kwa sababu nilichagua saa kwa kufuata nafasi yangu badala ya kufuata bahari. Tangu siku ile sipeleki mgeni pale bila kupanga, na mpango wenyewe ndio huu nauandika kwa ajili ya mnaokuja likizo, hasa ninyi wa bara ambao mna siku tatu nne tu za kukaa nasi.

Sisi shughuli hii twaiita kupunga upepo. Mtu akikwambia anakwenda kupunga upepo, hana safari ya kufika mahali. Hahesabu hatua. Anakwenda kutoa joto la mchana mwilini na fukuto la wiki nzima moyoni, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa mtu akiwa ameketi. Kwa hiyo usije na orodha ya vitu vya kuona. Njoo na saa mbili au tatu ambazo huna wa kumpa.

Tazama mwezi kabla ya kutazama kalenda

Wageni huniuliza kama mvua itanyesha. Mimi huwauliza mwezi una siku ngapi.

Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, bahari inaingia bamvua. Maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3 kwenda juu. Mombasa ina bahati ambayo kila mvuvi anaijua: siku za bamvua maji hujaa alfajiri, halafu hujaa tena jioni, baina ya saa kumi na saa kumi na moja. Katikati yake, kama saa nne au saa tano asubuhi, ndipo yanapokauka kabisa. Wiki moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka. Yanakuwa maji mafu, yanapanda kidogo na kushuka kidogo, na jioni ndiyo saa yake ya kupwa. Kati ya hapo maji huchelewa kila siku kwa dakika 50 hivi. Ukishajua saa ya leo, waweza kuhesabu ya kesho na ya keshokutwa kwa vidole.

Jambo hili lina uzito kwa sababu Mama Ngina haina mchanga. Barabara inapita juu ya jabali la matumbawe, na bahari iko chini yako. Maji yakijaa, mawimbi hupiga mwamba, hurusha povu, na ubaridi hukupanda usoni. Maji yakipwa, bahari hurudi mbali nawe ubaki juu ya ukuta kama mtu aliyefika harusini watu wameshakula.

Basi fanya hivi. Kama kwenye simu yako kuna kalenda ya Kiislamu, tafuta tarehe 1 hadi 3 za mwezi, au 14 hadi 17. Hizo ndizo jioni za kwanza kuchagua. Kama huna, toka nje usiku utazame juu: mwezi ukiwa mviringo au ukiwa uzi mwembamba, uko sawa. Ile siku niliyomchukua mzee, mwezi ulikuwa wa siku 18, na saa saba mchana ndiyo hasa saa ya maji kupwa. Lau ningengoja hadi saa kumi na mbili jioni angeiona bahari nyingine kabisa, siku ile ile, mahali pale pale.

Upepo nao una majira yake. Kusi huvuma kuanzia Aprili hadi kwenye Oktoba, ukali wake ukiwa Juni, Julai na Agosti. Hutoka kusini mashariki, na ukuta wa Mama Ngina umeelekea huko huko, kwa hivyo utakupiga uso kwa uso. Wakati wa kusi leta kitu cha kujifunika, hasa kwa watoto. Kaskazi huja Desemba hadi Machi, majira ambayo wageni wengi ndipo wanapokuja. Ni upepo mwepesi, wenye joto, na hutoka upande wa pili, nyuma ya mji. Ukikaa sehemu ya karibu na kivuko utahisi umezibwa. Desemba usikate tamaa ukakaa hapo hapo. Songa mbele mpaka Lighthouse, penye mnara wa taa, pale nchi inapopinda kuelekea mashariki, upepo utaukuta unakungoja. Aprili na Mei ni masika. Nami masika hupapenda, watu ni wachache, lakini siwezi kumshauri mtu aliyelipa nauli ya treni aje kulowa.

Anzia Feri, jua likiwa mgongoni

Anza saa kumi na robo. Matatu za Feri zitakushusha karibu na kivuko cha Likoni, au chukua tuktuk kutoka mjini, ukipatana bei kabla hujaweka mguu ndani. Nawaambia waanzie upande huu kwa sababu moja: jua la jioni linashuka nyuma yenu, hivyo bahari yote mbele inakuwa na rangi na macho hayasumbuki. Anayeanzia Lighthouse kuja Feri hutembea amekunja uso njia nzima.

Kabla ya kuondoka kivukoni, simama kidogo utazame feri zinavyopishana. Waendao kwa miguu hawalipi, na kwa mtu wa bara kuvuka kwenda Likoni na kurudi ni safari nzuri peke yake, ila ifanye asubuhi, kwa maana jioni watu wa kazini wanarudi majumbani na msongamano wake si wa mtu aliye likizoni. Simu na kamera zibaki mfukoni hapo kivukoni. Baadaye, ukizunguka upande wa Ikulu, fanya vivyo hivyo.

Jina la mahali hukueleza kazi yake. Liko ni mahali pa kupanda na kushuka chomboni, ndiyo asili ya Likoni. Kilindi ni maji ya kina kirefu, ndiyo Kilindini. Barabara yenyewe wazee wa rika la baba waliizoea kwa jina la Azania Drive, kabla ya kupewa jina la mke wa rais wa kwanza, Jomo Kenyatta. Ilitengenezwa upya mwaka 2019, na tarehe 20 Oktoba mwaka huo sherehe za Mashujaa za taifa zima zilifanyikia hapo hapo. Zamani magari yaliegeshwa pua zikitazama bahari na wauzaji wakipita dirishani, na mimi nilipenda sana kununua mihogo bila kushuka garini. Lakini sasa mtoto aweza kukimbia bila mama yake kushika roho mkononi, na hilo kwangu limeshinda.

Kutoka Feri mtaikuta mibuyu. Usiipite. Tembea chini yake, waambieni watoto washikane mikono kuzunguka shina moja wahesabu wametosha wangapi. Mibuyu ile imeona watu wa kila namna wakiingia kwa mlango huu wa maji, na kivuli chake ndicho cha kukaa kama jua bado lina nguvu. Tukifika na wageni mapema, hapo ndipo tunapotandika leso tukangoja jua lipungue.

Leso, kwa taarifa ya wasiotoka pwani, ndiyo wengine waiitayo khanga. Chukua mbili. Moja ya kukalia, nyingine ya kujitanda upepo ukizidi au kumfunika mtoto aliyelala. Miguuni vaa ndara. Mkoba mkubwa uache ulikolala, beba noti ndogo ndogo za 50 na 100, na simu ukiitoa kupiga picha ishike kwa mikono miwili, kwa sababu ya wezi na kwa sababu ya mwamba ulio chini.

Meli inapoingia

Hapa nitakawia, maana ndiyo sehemu ambayo wageni wengi huipita bila kujua, na ndiyo iliyotulea sisi.

Meli zote kubwa ziendazo Kilindini hupita mbele ya Mama Ngina. Mlango ni mwembamba kiasi kwamba waweza kumwona mtu amesimama sitahani, ukampungia mkono naye akakujibu. Hakuna ratiba utakayopewa, lakini kuna dalili, na dalili ya kwanza ni feri. Ukiona feri zimetulia pande zote mbili na hakuna inayovuka, jua kuna chombo kikubwa kinapishwa. Geuka utazame baharini.

Itaanza kama jengo lililosimama mbali. Hutaona kama inakwenda. Kisha utaona tagi zimeisogelea, na karibu yao mashua ndogo iliyompeleka rubani, kwa sababu nahodha wa kigeni haingizi meli peke yake mlango huu. Hupanda mtu wa bandari anayeijua miamba na mkondo. Baba alitufundisha kutafuta bendera. Ikiwa imegawanyika kwa wima, nusu nyeupe upande wa mlingoti na nusu nyekundu upande wa nje, maana yake rubani yumo ndani. Usiku, mashua ya rubani akiwa kazini huwasha taa mbili, nyeupe juu na nyekundu chini. Sisi watoto tulikuwa tukishindana nani ataiona bendera kwanza, na mshindi ndiye aliyeshika pakiti ya mihogo.

Itazame mahali inapokutana na maji. Tumbo jekundu likionekana sana, meli ni nyepesi, imekuja kuchukua. Likiwa limezama, imekuja na mzigo. Zile zenye makontena yaliyopangwa juu utazijua mwenyewe. Zile ndefu, zilizofungwa pande zote kama ghala linaloelea, hizo huleta magari, mengi yao yaliyotumika Japani, na mengine hayakai Kenya. Huendelea mpaka Kampala, Kigali, Juba na hata mashariki ya Kongo. Mgeni mmoja kutoka Uganda nilipomweleza hivyo alisimama wima akaiangalia meli mpaka ikapotea, akasema gari lake lazima lilipita mbele ya ukuta huu.

Ikishakupita, soma tezi. Nyuma ya kila meli huandikwa jina lake na bandari ilikosajiliwa: Monrovia, Panama, Majuro, Singapore. Huo ndio mchezo wa kuwapa watoto badala ya simu. Wakirudi nyumbani wazitafute kwenye ramani.

Halafu msiondoke ukutani upesi. Meli kubwa haipigi kelele kama mtu anavyotarajia. Utasikia mtetemo tu, chini kabisa, kama mtu anayesaga nyumba ya pili. Imeshapinda kuelekea gatini, umeshaanza kuzungumza mambo mengine, ndipo mawimbi iliyoyaacha yanapofika mwambani na kupasuka, moja, mbili, tatu. Baba alikuwa akinyamaza anyoshe kidole kabla hayajafika. Hakuwahi kukosea.

Mhogo, dafu na kahawa

Ule kwanza kidogo, kisha tembea, kisha ule tena. Chakula cha Mama Ngina si cha mezani.

Mhogo uko wa namna mbili. Kuna krisi, zile zinazokatwa nyembamba na kukaangwa kwenye karai mpaka zinalia mdomoni, ambazo hutiwa kwenye pakiti na kunyunyiziwa pilipili na chumvi. Hizo ni za kutembea nazo. Lakini ukitaka kujua mhogo ni nini, tafuta wa kuchoma. Muuzaji huutoa kwenye makaa, huukwangua ule weusi kwa kisu, kisha huupasua katikati kwa urefu mpaka mvuke utoke. Huchukua nusu ya ndimu, huichovya kwenye unga wa pilipili uliochanganywa na chumvi, akaipitisha ndani ya ule mpasuko huku akiikamua, mara mbili, mara tatu. Mwambie mapema kama pilipili yako ni kidogo. Ukichelewa ameshamaliza, na mkono wake umezoea watu wa Mombasa. Ule ungali moto. Mhogo wa kuchoma ukipoa ni kama mti.

Na uwe macho kwa kunguru. Kunguru wa mji huu hawana haya. Mtoto akishika mhogo ameunyosha mkono, ameushika kwa ajili yao.

Kwa dafu, usiseme tu "nipe dafu". Muuzaji atakuuliza, au ungoje akuulize: la maji au la nyama? La maji ni lile changa, maji mengi, matamu, ndani kuna utando tu. La nyama limepiga hatua, maji yamepungua kidogo lakini kuna nazi laini ya kukomba. Likizidi hapo ni koroma, halina raha ya kunywa wala halijafaa kupikia. Akishakukatia ukanywa, mrudishie alipasue, na akukatie kipande cha ganda lile lile kiwe kijiko chako. Nimeona wageni wengi wakinywa maji na kuliacha dafu ukutani na nyama yote ndani. Moyo huniuma.

Kahawa ni ya baada ya Magharibi. Utamsikia muuzaji kabla hujamwona, kwa namna anavyogonganisha vikombe vyake. Dele, birika lake la kahawa, limekaa juu ya makaa, kahawa ni chungu, haina sukari wala maziwa, na vikombe ni vidogo ili uongeze. Utamu wake umo kwenye kashata: tafuna kipande kwanza, kisha ipitishe kahawa juu yake. Mzee wa watu kule Nakuru sasa hukaangisha njugu na sukari nyumbani kila Jumapili kwa sababu hiyo.

Kabla ya kuuliza bei, salimu. "Masalkheri, mama." "Masalkheri, baba." Mkubwa wako kwa umri, mpe heshima yake. Mombasa mtu anayeanza na "hii ni pesa ngapi" huhesabiwa kuwa hakufunzwa, na hataambiwa. Atauziwa tu bila maneno. Mwenye kusalimu huongezwa ndimu, huonyeshwa upande wenye upepo, huambiwa meli gani imeingia mchana. Wauzaji wale wanaijua bahari ile kuliko mimi.

Mpaka Lighthouse

Kutoka kwenye mibuyu fuata ukuta bila haraka, uwanja wa gofu ukiwa upande wako wa kushoto na maji upande wa kulia. Kati ya hapa na Lighthouse mtapishana na mji mzima: akina mama waliovaa mabuibui na viatu vya mazoezi, wazee na bakora zao, wavulana wa baiskeli, maharusi wanaopigwa picha. Jumapili na sikukuu za Idi kunajaa mpaka kusogea ni shida. Mwenye kupenda shamrashamra aje siku hizo. Mwenye wazee, kama nilivyokuwa nao mimi, achague Jumanne au Jumatano.

Mtaona vijana wanaruka majini kutoka mwambani. Wasiwavute. Wamezaliwa hapo na wanajua shimo lililo na kina, na hata wao mama zao hawana raha. Mkondo wa mlango ule una nguvu, mawe ni makali, na hakuna mahali pa kupandia kwa mgeni. Kuoga nendeni Nyali, Bamburi au Diani. Na maji yakiwa yamekupwa, ukishawishika kushuka mwambani kutazama vidimbwi, jua kwanza saa ya maji kurudi, na usiipe bahari mgongo.

Lighthouse ni mnara wa taa wa Ras Serani, nao ndio uliotoa jina la mtaa mzima wa kupungia upepo. Wengi wetu hatusemi hata Mama Ngina, twasema tu twenda Lighthouse. Hapa nchi inapinda. Simama uutazame mji ulivyokaa: mkono wa kulia ni mlango wa Kilindini uliotoka nao, na ukizunguka kushoto ni mlango wa pili, wa Bandari ya Kale, unaolindwa na Fort Jesus, ngome waliyoijenga Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596, na ambayo UNESCO iliiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2011. Mombasa ni kisiwa, na hapa ndipo unapolielewa hilo kwa mwili wako. Ngome yenyewe itembeleeni asubuhi, mchana mlale, jioni ndiyo mje kwenye upepo. Msichanganye vyote katika jua moja.

Tafuteni mahali pa kukaa panapotazama mashariki. Jua Mombasa huzama kama saa kumi na mbili na nusu, nyuma ya migongo yenu, na wageni wengi wakiona giza linaingia hufungasha. Kama ni usiku wa tarehe 14 au 15 ya mwezi, kaeni. Kaeni penye taa na penye watu, si pembezoni, lakini kaeni.

Mzee alirudi mwaka uliofuata, mwezi wa Desemba. Safari hii nilikuwa nimepanga siku kwa mwezi, na nilimwambia kaka asimlete kabla ya saa kumi. Maji yalikuwa yamejaa. Aliona meli moja ya magari ikiingia, akaitafuta bendera ya rubani mpaka akaipata. Alikula mhogo, akaomba pilipili iongezwe. Tulipofika Lighthouse nilimtandikia leso ukutani, akaketi akavua viatu. Adhana ya Magharibi ikatoka misikitini nyuma yetu, watu wakapungua kidogo, kisha wakarudi. Hakusema kitu. Bahari mbele ilikuwa imeshakuwa nyeusi, halafu mstari wake wa mwisho ukaanza kuwa mwekundu, kama kuna mtu amekoka moto ng'ambo ya maji, na mwezi ukatoka, mkubwa, rangi ya embe bivu, ukaiweka njia yake juu ya maji mpaka chini ya miguu yetu.

Alikaa mpaka dele la kahawa likamalizika. Tulipokuwa tunarudi garini aliniuliza kama kesho twaweza kuja tena. Nikamwambia twaweza, ila maji yatachelewa kwa dakika 50, na mwezi nao utachelewa hivyo hivyo. Akasimama chini ya taa ya barabarani, akafungua saa yake ya mkononi, akaanza kuhesabu.